Kompyuta Iliyobaki Wazi Mezani

Tulimzika Leopold huko Mabamba mwezi wa Juni, pembeni mwa shamba lake la mihogo, mahali ambapo ukisimama unaviona vilima vya ng'ambo ya mpaka alikozaliwa. Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana wa kwaya mwenye sauti nzuri. Alisema marehemu aliletwa nchini akiwa mtoto, mgongoni mwa shangazi yake; akasoma hapa, akaoa hapa, akazaa, akapata uraia akiwa tayari na mvi, akaugua figo, akaitwa na Bwana. Kuhusu miaka aliyofanya kazi nami Kibondo alisema tu kwamba marehemu "alijishughulisha na ufundi katika ofisi mbalimbali". Baada ya maziko nilikaa mkekani na akina mama wenzangu, magoti yakiniuma kwa safari ya kutoka Kasulu, sahani ya wali na maharage mapajani. Adela, mjane wake, akaja akakaa kando yangu, akanyoosha miguu kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Kisha akasema, "Wifi, ule mwaka wameuruka." Nikamjibu kwamba nimesikia, wameuruka. "Labda ni vizuri," akasema, nami nikala wali wangu.

Sijui kama ni vizuri. Nimestaafu sasa, nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii, na mambo mengi ya ujana wangu yameondoka bila kuaga. Lakini mwaka ule wa tisini na saba haujaondoka. Sitasimulia nilikozaliwa wala nani alinilea, maana hayo hayakuwa na kazi katika jambo hili. Nitaanza na chumba. Ofisi yetu Kibondo ilikuwa ghala la zamani la tumbaku, limegawanywa kwa mbao nyembamba kuwa vyumba vitatu, na kwa kuwa mbao zile hazikufika darini, kila neno lililosemwa chumba kimoja lilisikika katika vingine viwili. Siku za mvua harufu ya tumbaku ilipanda kutoka sakafuni ikaingia kwenye nguo, hata kanisani watu walinitazama. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mwalimu Gervas, mkuu wetu, mtu mwembamba mwenye vidonda vya tumbo, aliyeshinda na chupa ya maziwa mezani. Cha katikati kilikuwa changu, mimi mpiga chapa, pamoja na kompyuta yetu ya pekee. Cha mwisho kilikuwa cha mashine ya durufu na cha Leopold, aliyeitunza mashine hiyo pamoja na redio ya upepo, jenereta, na kila kitu kingine chenye nyaya.

Kazi yetu ilikuwa shule za kambini. Wakimbizi wa kutoka ng'ambo walikuwa wengi miaka ile, na watoto wao walisoma chini ya maturubai kwa vitabu vilivyochapwa palepale kwetu. Mwaka ule wakubwa waliamua kwamba watoto wa darasa la mwisho wa kambi zote, za upande wa Kibondo na za upande wa Kasulu, wafanye mtihani mmoja, siku moja, ili siku wakirudi kwao cheti hicho kitambulike. Lilikuwa jambo kubwa. Kulikuwa na watoto waliorudia darasa lile kwa sababu tu hakukuwa na mtihani wa kuwatoa, wavulana wenye sharubu wakikaa magogoni na wadogo zao. Walimu wa Kasulu wakapewa kutunga maswali. Sisi wa Kibondo, wenye mashine ya durufu, tukapewa kuchapa. Disketi zikaletwa na dereva, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni wa chumvi. Nikaingiza ya kwanza, nikafungua, na kioo kikajaa alama ambazo si Kirundi, si Kifaransa, wala si kitu chochote alichowahi kuandika binadamu.

Nilimwita Leopold. Alisimama nyuma ya kiti changu akinusa, alikuwa na tabia ya kunusa mashine kabla ya kuigusa, akasema, "Dada Yusta, hii imeandikwa na programu mpya. Hii yetu haiijui." Tuliwapigia Kasulu kwenye redio. Walijaribu kutuhifadhia maswali kwa mtindo wa zamani, yakaja bila michoro: swali linasema tazama pembetatu hapa chini, na hapo chini hakuna kitu. Printa yao ilikuwa imekufa, kwa hiyo hata karatasi ya kunakili haikuwapo. Programu mpya tulikuwa nayo, imekaa kabatini tangu itumwe, lakini haikukubali kuwekwa mpaka kwanza kompyuta iwe na Windows ile mpya, ya tisini na tano. Na Windows ile mpya nayo ilikuwa na masharti yake. Mwalimu Gervas aliyasoma mgongoni mwa boksi, akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena.

"Sasa inataka nini, Leo, kwa lugha ya kawaida?" akamuuliza Leopold.

"Inataka kichwa kikubwa na tumbo kubwa, Mwalimu. Kichwa ndiyo memori, pale inapofikiria. Tumbo ndiyo diski, pale inapoweka vitu. Hii yetu kichwa ni kidogo, tumbo limejaa."

"Tuombe mpya?"

Mwalimu aliomba. Nilimsikia kupitia mbao, akipaza sauti kwenye redio, akirudia kila neno, na sauti ya mbali ikamjibu kwamba suala la kompyuta litaangaliwa kwenye bajeti ijayo, ovaa. Kisha nikasikia kifuniko cha chupa ya maziwa kikifunguliwa. Leopold ndiye aliyekumbuka kwamba Kasulu kulikuwa na kompyuta mbili zilizopigwa na radi, zimewekwa stoo. "Radi huua umeme wake," alisema, "lakini haili kila kitu. Tukatafute kilichobaki."

Tulikwenda na gari la ofisi, barabara ikiwa bado kavu, vumbi jekundu likiingia kila tundu. Stoo ya Kasulu ilikuwa chini ya Mama Beatrisi, Mkongomani aliyekuja na wimbi la wale wa kambi ya Nyarugusu, mwanamke mnene mwenye kilemba ambaye zamani alikuwa mwalimu mkuu kwao. Tulitaka kwenda moja kwa moja kwenye mashine. Akasimama mlangoni. "Mukule kwanza," akasema. "Mashini haikimbie, iko imekufa." Tukala sombe, kisamvu kama tunavyosema sisi, kimepikwa kwa mawese na samaki mkavu, pamoja na ugali wa muhogo mzito uliosimama wenyewe. Wakati tukila alizungumza bila kutuangalia, kana kwamba anaongea na sufuria. Alisema amesikia wanajeshi wanapita vijijini upande wa mpaka, wanakusanya watu. "Banasema mukimbizi mahali yake ni kambini. Hata ule wa zamani." Leopold alikuwa anamega ugali. Akasema yeye si mkimbizi, yeye analipa kodi ya maendeleo tangu awe na umri wa kulipa. Mama Beatrisi akamwongezea sombe.

Leopold alizifungua zile kompyuta sakafuni kwa bisibisi moja. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani aligusa kwanza nondo ya dirisha. Aliniambia mwili una umeme wake, mdogo, wewe huusikii lakini memori inausikia. Bodi moja ilikuwa imeungua, nyeusi kama chapati iliyosahaulika. Ya pili ilikuwa nzima upande. Akachomoa memori, vipande vyembamba vya kijani vyenye meno ya shaba, akavifunga kwenye karatasi ya fedha ya boksi la majani ya chai. Akatoa diski, kubwa mara kadhaa kuliko yetu kwa uwezo ingawa kwa umbo ni ndogo, akaitikisa sikioni, akatabasamu. Wakati wa kurudi alivipakata vitu vile njia nzima. Kwenye kizuizi askari walitaka vitambulisho. Mimi na dereva tukapita upesi. Leopold alionyesha stakabadhi yake ya kodi, na askari akaitazama sana, mbele na nyuma. "Mabamba, mzaliwa?" akauliza. Leopold akasema, "Nimekulia hapo." Askari akamrudishia, akafungua kizuizi.

Jumamosi Leopold aliianza kazi. Alizihamishia faili zetu zote kwenye disketi, akaning'oa kwenye kiti changu, akafungua kifuniko cha kompyuta na kuichomoa diski ya zamani. Nilikuwa nimeifanyia kazi mashine ile miaka miwili na sikuwahi kuona tumbo lake: vumbi jekundu, nyaya bapa za kijivu, mjusi mkavu mdogo aliyekufa karibu na feni. Mchana mwangaza wa dirishani ulipogeuka, alifuta mikono akasema zilizobaki ni kazi za Jumatatu, kwa kuwa hataki kuweka memori akiwa amechoka. Alikuwa anakaa mjini siku za kazi, na kila Jumamosi alikwenda kwake Mabamba kwa baiskeli. Nilimwona akifunga sukari na sabuni ya Adela kwenye keria ya nyuma. Kompyuta tuliiacha wazi mezani, nikaifunika khanga yangu.

Jumatatu hakuja. Nilifikiri ni pancha. Saa nne akaingia Adela, amebeba mtoto, ndara zimekatika akizishika mkononi. Hakuketi. Alisimulia akiwa amesimama katikati ya chumba, na Mwalimu Gervas akatoka kwake akasimama mlangoni kumsikiliza. Wanajeshi walifika Jumapili asubuhi watu wakijiandaa kwenda kanisani. Waliwaita nje wote wenye asili ya ng'ambo, wakawauliza maswali machache, wakawapandisha malori. Leopold alikuwa na shati jeupe na Biblia mkononi. "Niliwaambia ni mume wangu. Wakaniambia, wewe mama ni wa hapa, baki na watoto wako. Niliwaambia ana stakabadhi. Wakasema stakabadhi ya kodi siyo uraia." Hapo akakaa sakafuni kwenye vumbi la ile kompyuta. Mwalimu Gervas alimletea maziwa yake mwenyewe. Aliyanywa kwa mkupuo mmoja, kisha akampa mtoto ziwa, na sote watatu tukabaki tukimtazama mtoto akinyonya, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine chumbani ambacho tungeweza kukitazama.

Tulimpata kambini siku iliyofuata. Wageni wale wa vijijini walikuwa wamewekwa pembeni, kwenye turubai refu lisilo na kuta, na tofauti yao na wakimbizi wengine ulikuwa unaiona mbali: hawakuwa na vyombo wala magodoro, na walizungumza Kiha cha nyumbani kwetu kabisa. Mzee mmoja alikuwa bado na jembe begani. Alimuuliza Mwalimu Gervas, "Mahindi yangu nani atayapalilia?" na Mwalimu akasema atauliza, ingawa sote tulijua hakuna wa kumuuliza. Leopold alikuwa na lile shati jeupe, limechafuka kola. Alitusalimu kwa mikono miwili. Adela alikuwa ametutangulia. Alikaa nyuma yake, hawakuangaliana, lakini goti lake liligusa mgongo wa mumewe na halikuondoka hapo muda wote tuliozungumza.

Mwalimu alimwambia amekwishaonana na mkuu wa kambi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema kibali cha kutoka kwa siku moja kinawezekana, ila maombi lazima yapite wilayani na kwenda Kigoma. "Muda gani?" Leopold akauliza. Mwalimu akasema hajui. "Na mtihani?" Mwalimu akasema mtihani tarehe yake haijabadilika. Leopold akatazama chini, akasema, "Ntakundi," neno la kwao na la kwetu, maana yake hakuna namna nyingine. Kisha akanigeukia mimi. "Dada Yusta, utaimaliza wewe."

"Mimi ni mpiga chapa, Leo."

"Umeniona nikifanya."

"Nimeuona mgongo wako. Ulikuwa umenigeuzia mgongo."

Hapo akacheka, mara ya kwanza, na Adela naye akacheka nyuma yake bila kuinua uso. Akachukua kijiti akanichorea kwenye udongo: hapa ndipo memori inapokaa, unaiingiza imelala kidogo, kisha unaisimamisha mpaka vishikizo viwili vilie tak, tak. Diski waya wake una mstari mwekundu. Mstari mwekundu ukae upande wa waya wa umeme. Ukiwasha, bonyeza kitufe kile cha pembeni uingie kwenye mipangilio, namba za diski zimeandikwa mgongoni mwake, zisome uzipige kama zilivyo. Na kabla ya kugusa kitu chochote, shika dirisha kwanza. Alinirudisha rudisha mpaka nikaweza kusema yote bila kutazama mchoro. Watoto wa kambini walikuwa wametuzunguka, na tulipoondoka waliendelea kuchora pale pale.

Nikafanya. Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka uchovu, mgongo, na mvua iliyoanza wiki ile na kuendelea kana kwamba mtu amesahau kuifunga. Nilishika dirisha. Niliweka memori. Nilipowasha, kioo kilibaki cheusi na mashine ikalia, kilio kifupi kifupi, ikanyamaza. Nikazima, nikawasha, ikalia vilevile. Mwalimu Gervas akauliza kutoka chumbani kwake, juu ya mbao, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia sijui, inalia. Nikasikia akimwambia dereva awashe gari.

Gari liliniacha langoni mwa kambi, na nilipofika kwake nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa. Leopold alikuwa amepewa turubai lake na alikuwa anachimba mfereji wa maji kulizunguka. Nikamwambia mashine inalia. "Inalia vipi?" Nikamwambia inalia tu. "Hapana, dada. Inalia vipi? Nisikie." Kwa hiyo, mbele ya majirani zake na watoto wao, mimi mtu mzima wa watu, mwenye kazi ya ofisi, nilisimama mvuani nikalia kama kompyuta: pi, pi, pi. Watoto walianguka kwa kicheko. Akina mama wakatoka kwenye maturubai yao kuangalia nani amechanganyikiwa. Leopold hakucheka, alifumba macho akisikiliza. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Inasema haijaiona memori. Haikukaa. Umeogopa kuisukuma, si ndiyo?" Nikakubali, niliogopa kuivunja. "Isukume. Haivunjiki upesi kama unavyofikiri." Wakati naondoka, kitoto kimoja kilinifuata mpaka langoni kikiniambia pi, pi, pi, na kwa muda wote niliofanya kazi na kambi ile, kulikuwa na watoto walioniita Mama Pi.

Niliisukuma. Ikalia tak, kisha tak, kwenye vidole vyangu niliisikia kabla ya masikioni. Nikawasha, na kioo kikaanza kuhesabu, namba zikipanda juu zaidi ya mahali zilipowahi kufika. Nikapiga namba za diski. Kisha zikaanza disketi za Windows, moja baada ya nyingine, mashine ikiniomba inayofuata kama mgeni asiyeshiba, jenereta ikikohoa nje, Mwalimu akipita kila mara kutazama bila kuuliza. Disketi moja ilikataa kusomeka. Niliitoa, nikaipuliza, nikaingiza, ikakataa. Mwalimu aliichukua akaenda nayo jikoni, akaishika juu ya joto la jiko la mkaa kwa umbali, akisema ni unyevu wa mvua hii, hata chumvi inayeyuka. Sijui kama ni mkaa au ni bahati, ilisomeka. Jioni ile ile kabla giza halijaingia niliweka programu mpya, nikaingiza disketi ya Kasulu, nikafungua mtihani wa hesabu. Pembetatu ilikuwa pale. Ilikaa katikati ya ukurasa, mistari mitatu myembamba na herufi kwenye kona. Nilimwita Mwalimu, akaja akaitazama muda mrefu, akasema, "Haya. Chapa." Mimi nilikuwa nimetegemea ningefurahi. Nilitaka kulala tu.

Tulichapa siku kadhaa, mimi kwenye kompyuta na Mwalimu mwenyewe kwenye durufu, mikono yake myeusi kwa wino mpaka viwiko. Kulikuwa na ndizi za kuchoma na dagaa kwenye gazeti, tulikula tumesimama. Karatasi zikaondoka Kasulu chini ya turubai, nyingine zikaenda kambi za kwetu. Siku ya mtihani nilitumwa kusimamia kambi aliyokuwapo Leopold. Watoto walikaa wametengana magogoni, nusu yao pekupeku, mvua ikinong'ona juu ya turubai, na kwa muda ule kambi nzima ilikuwa kimya, hata waliokuwa wakipasua kuni waliacha. Nilimwona Leopold kwa mbali, nje ya kamba tuliyozungusha, amesimama na wazazi wa wale watoto, mikono nyuma. Msichana wa mbele yangu, mrefu, mwenye kovu shavuni, alipofika kwenye ile pembetatu alitoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, akaanza kuandika, na hakusimama mpaka alipojaza ukurasa. Wengi walifaulu. Wachache waliviona vyeti vyao vikifanya kazi miaka iliyofuata. Wengine viliwalowania kwenye maboksi. Nimewahi kukutana na mmoja, ni mwalimu sasa, hakunikumbuka.

Watu huniuliza, wale wanaojua, kama ofisi haikuweza kumtoa. Mwalimu Gervas aliandika, akapanda magari, akasubiri kwenye mabenchi ya wakubwa mpaka vidonda vyake vikamlaza hospitalini. Kila aliyemwona alimwambia anamwelewa. Leopold alikaa kambini miaka, Adela akilima peke yake na kumfuata kila Jumamosi kwa ile baiskeli aliyoiacha, na mtoto wao wa mwisho alizaliwa katika miaka hiyo akaandikwa mkimbizi. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kwenda kumwona, nami nikaenda. Sisemi haya ili nisifiwe. Kambi ilikuwa karibu na ofisi.

Lakini kibali kilikuja mara moja tu. Kilikuja mtihani umekwisha, karatasi zimesahihishwa, kimegongwa mihuri yote, kwa ajili ya "kutengeneza kompyuta", siku moja, Kibondo mjini tu, kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwalimu Gervas alikishika mkononi asubuhi ile hajui acheke au akirarue. Kisha akasema, "Mleteni." Tulimtumia Adela habari. Leopold alifika na gari la kambi pamoja na wengine wenye vibali vyao, amevaa suruali ya msaada iliyomzidi kiuno. Alisalimia kila chumba. Adela alikuja amefunga chakula kwenye kitenge: ugali wa muhogo, maharage ya mawese, samaki mgebuka aliyemkausha mwenyewe. Tukala mezani kwangu, tumeisogeza kibodi. Alikula polepole. Alimuuliza Adela kuhusu mihogo, kuhusu paa la jiko, kuhusu ng'ombe wa jirani anayevuka uzio, na Adela alimjibu kimoja kimoja. Kutoka ofisini kwetu mpaka kwake si mbali sana kwa mtu mwenye baiskeli, na nilijua sote watatu tulikuwa tunaifikiria barabara ile, lakini kibali kilisema mjini tu.

Baada ya kula akanawa, akakaa kwenye kiti changu, akaiwasha kompyuta. Alitega sikio wakati inaamka. "Ni nzito," akasema. Nikamwambia ndiyo, ukiiambia kitu unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. "Lakini inakwenda," akasema. Alifungua hiki na kile, akapekua kila mahali palipofunguka, akanionyesha njia fupi ambazo sikuzijua, akafungua kifuniko na kusafisha feni kwa brashi ya viatu ya Mwalimu. Alichapa jina la kila mtoto wake kwa herufi kubwa, akayatazama, akayafuta. Alasiri ikaenda hivyo. Adela alisogeza kiti chake akaketi karibu, akaegemea ukuta wa mbao, akasinzia akiwa ameshika pindo la shati la mumewe, na Leopold alifanya kazi zake zote kwa mkono mmoja ili asimwamshe.

Gari la kambi likaja mapema kuliko tulivyotarajia. Likapiga honi nje. Mwalimu Gervas akatoka kwenda kuzungumza na dereva, nikasikia akimuuliza habari za nyumbani kwao, habari za mvua, habari za matairi, maswali ambayo hakuwahi kumuuliza dereva yeyote. Leopold akanyoosha mkono kuelekea swichi. "Usizime hapo," nikamwambia. "Hii mpya haizimwi hivyo. Unaiambia kwanza, halafu unaisubiri iseme yenyewe kwamba sasa unaweza." Akashangaa kidogo. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akabonyeza, na mashine ikaanza kufunga vitu vyake kimoja kimoja, diski ikikwaruza ndani, polepole kama ilivyofanya kila kitu. Honi ikalia tena. Adela akazinduka.

"Leo, gari."

"Haijasema bado," akajibu, hakugeuka. Aliweka mikono yote miwili mapajani, akakaa wima kama mtu aliyeko kanisani. Adela hakuinuka pia. Nje Mwalimu alikuwa amefika kwenye habari za watoto wa dereva. Tukangoja, sisi watatu, mpaka kioo kikawa cheusi na yale maneno ya rangi ya chungwa yakatokea, kwamba sasa ni salama kuizima. Leopold aliyasoma, midomo ikimcheza. Kisha akasema, "Haya," akabonyeza swichi, na akatoka kwenda kupanda gari.